Naomba Usivute, Baba

Samaki wa kwanza aliyetuponyoka mimi na baba mkwe wangu alituponyoka kwa sababu ya neno "naomba". Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, kwenye changarawe za ukingo wa Mto Thames pale Woolwich, maji yanaanza kujaa. Nikaona ncha ya fimbo yake ya kuvulia inapinda. Nilijua kosa atakalofanya, na nilijua nina nusu sekunde ya kumzuia. Nikafungua mdomo nikasema, "Baba, samahani, naomba usi—"

Alikuwa ameshavuta. Fimbo ikaruka juu, mshipi ukalegea, na kile kisamaki cha plastiki tunachovulia kikatoka majini kikapita karibu na sikio langu na ndoana zake zote. Baba mkwe akageuka. "Ulikuwa unasema?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Si kitu."

Kiangazi kile alikuja kukaa kwetu wiki kumi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Mwanga, Mpare mrefu, mkavu, anayepiga pasi mpaka leso. Hakuja kuniona mimi. Alikuja kumwona binti yake, ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka saba, na sababu ya hiyo miaka saba nilikuwa mimi.

Nilimwoa bila posa. Tulikutana hapa hapa Landani, yeye nesi, mimi dereva wa basi, tukaenda kwa msajili wa ndoa na mashahidi wawili, tukaambiana kwamba barua ya posa itafuata. Niliwaachia wazee wangu Tanga waiandike, nao wakawa watu wa kesho, kesho kutwa. Mwezi ukawa mwaka. Baadaye ikawa aibu hata kuiandika, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Baba mkwe alimpigia mke wangu simu, akamwambia mara moja tu wala hakurudia: "Mwanangu, nyumbani ni kwako, mlango uko wazi. Huyo bwana simjui." Mke wangu akamjibu kwamba kama mume wake hajulikani, basi na yeye haendi. Wote wawili ni Wapare. Hakuna aliyelegeza, mpaka mzee alipochoka kusubiri, akakata tiketi.

Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu katika zile wiki kumi: mzee yule anitambue kuwa ni mkwe wake, ili mke wangu aweze kwenda kwao bila kuniacha nyuma. Mke wangu mwenyewe hakuwahi kunilalamikia. Lakini siku mdogo wake alipoolewa kule Mwanga, nilimsikia analia bafuni, amefungulia bomba nisisikie. Nilisimama nje ya mlango ule na taulo mkononi, nikajiona mtu mdogo kabisa.

Mzee alinishika mkono pale uwanja wa ndege, akaitikia shikamoo yangu, na tangu siku hiyo akawa ananiita "Bwana Dereva". Bwana Dereva, chumvi. Bwana Dereva, ahsante kwa chai. Hakuna tusi ndani yake, na ndiyo maana liliuma. Ungedhani amepanga chumba na mimi ndiye mwenye nyumba.

Nami nilimjibu kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Ikumbukwe kwamba mimi si mpole. Hasira zangu ziko puani. Abiria wa Woolwich wanaonijua hupanda wameshatoa kadi mfukoni. Lakini kwa mkwe? Nilikuwa laini mpaka nikajichukia. Nilimwomba radhi nikipita mbele ya televisheni. Nilimwomba radhi kwa mvua. Jioni moja nilimwambia, "Baba, kama haitakuwa usumbufu, chakula kiko tayari," akaniangalia, akasema, "Nyinyi watu wa pwani mna maneno laini sana." Nilidhani amenisifia. Nikamhadithia mke wangu kwa furaha, naye akaufunika uso kwa mto.

Wazo la kuvua lilikuwa la mke wangu. Yeye alikuwa na zamu ndefu hospitalini. Mimi nilianza kazi alfajiri na saa nane mchana nilikuwa nyumbani, kwa hiyo wanaume wawili tusiokuwa na la kuzungumza tulibaki na sofa moja. "Baba anakaa ndani kutwa nzima, it's not healthy," akaniambia jikoni. "Mpeleke mtoni. Si una zile fishing rods zako? Just take him, na usianze kuomba omba samahani."

Fimbo nilikuwa nazo mbili. Alinipa dereva mwenzangu, Mwingereza mmoja aliyestaafu, pamoja na kisanduku cha visamaki vya plastiki, na ndiye aliyenifundisha kuvua navyo. Kila kisamaki kina ulimi mgumu mbele, mfano wa ncha ya kijiko, na tumboni kinaning'inia ndoana mbili zenye ncha tatu tatu. Ukikitupa mbali kisha ukakunja mshipi, ule ulimi unakizamisha, nacho kinakuja kinatikisika na kugongagonga chini, sawa na samaki mdogo anayekimbia. Waingereza wanakiita crankbait. Baba mkwe alikigeuza geuza kiganjani, akakiangalia macho yake ya rangi, akasema, "Huyu ni mwongo." Kuanzia hapo likawa ndilo jina lake. Tulikuwa na mwongo wa kijani, mwongo wa fedha, na mwongo mwekundu ambaye hakuwahi kumdanganya mtu.

"Na tunavua samaki gani?" akauliza.

"Anaitwa bass, baba. Ni wa baharini, ila kiangazi anapanda na maji mpaka huku."

"Basi?"

"Ndivyo linavyotamkwa, baba."

"Yaani kutwa unaendesha basi, na jioni unavua basi." Hakucheka, ila masharubu yake yalisogea. Nilikimbilia dukani kumnunulia viatu vya mpira kabla hajabadili mawazo.

Mto wenyewe ulimshangaza. Kwao alizoea bwawa la Nyumba ya Mungu, maji yanayokaa mahali pake. Huu wa hapa unapwa mpaka unaonyesha tope na vigari vya supamaketi vilivyotupwa, halafu baada ya saa chache unageuka na kurudi unakotoka. "Mto huu haujui unakokwenda," alisema, akatoa daftari akaanza kuandika saa za kujaa na kupwa. Baada ya wiki moja alikuwa anajua wakati wa maji kuliko mimi. Nikirudi kutoka kazini namkuta ameshavaa viatu, fimbo ziko mlangoni. "Bwana Dereva, yanaanza kujaa saa tisa na dakika ishirini. Tutachelewa."

Tulishuka ngazi za mawe nyuma ya majengo mapya, tukasimama kwenye changarawe, kivuko kinakwenda na kurudi, ndege za Uwanja wa City zinapita juu yetu. Alikuwa na mtupo mzuri. Tatizo lilikuwa pale samaki anapopiga.

Utotoni alivua perege pale bwawani kwa ufito na funza. Perege anadona. Unamsikia anadona, unamsubiri, halafu unavuta kwa nguvu zako zote, juu na nyuma, mpaka samaki anaruka kichwani pako na kuanguka kwenye majani. Mkono wake ulijifunza hivyo akiwa na miaka minane, na haukuwa tayari kujifunza lingine akiwa na sabini na moja. Kumbe kwa mwongo mambo ni kinyume. Hapa hakuna kudona. Samaki anamkimbiza, anampiga, na wakati huo mshipi wako tayari unakwenda, umekaza, ndoana ni kali. Kazi kubwa anaifanya mwenyewe. Wewe unaendelea tu kuzungusha mpini, bila kusita, na fimbo unaipeleka ubavuni polepole, kama mtu anayefungua pazia. Ukivuta kwa kishindo unamnyang'anya kabla hajafumba mdomo vizuri. Anabaki na maji, na wewe unarudishiwa ncha sita zinazokujia usoni.

Niliyaeleza yote hayo, tena vizuri. Mzee aliuliza sababu ya kila kitu, akachora mchoro kwenye daftari, pembe ya fimbo, mkazo wa mshipi. Mwisho wa somo aliweza kulifundisha kuliko mimi. Kesho yake samaki akapiga, na mkono ukavuta. Akili ilihudhuria darasa, mkono ulibaki nyumbani.

Kilichohitajika ni mtu wa kumkemea wakati ule ule, kama yule Mwingereza alivyonikemea mimi kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini mkwe hakemewi. Hata kumpa amri tu, "zungusha", mdomo ulikataa. Kwetu Tanga mtu angekuuliza umelelewa na nani. Nikajaribu njia za kuzunguka. Nilisema, "Huwa haivutwi, baba," kana kwamba naongea na mawingu. Nilisema, "Wengine wangezungusha." Nilijaribu kukohoa. Siku moja nilianza mapema kabisa, kabla hata samaki hajapiga, "Baba, ikitokea bahati akapiga, nakuomba sana, kwa hisani yako, usivute," naye akaitikia, "Sawa," akaendelea kukunja, samaki akapiga, akavuta. Samaki tisa walikwenda zao hivyo. Alikuwa anawahesabu, mwalimu wa hesabu hakosi. "Wa tisa," alisema, akafuta miwani. "Bwana Dereva, nadhani samaki wa Kiingereza hawanitaki."

Nilijisikia vibaya kwa namna alivyolisema. Alikuwa anatania, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

Nikikumbuka siku zile sasa, wala sikumbuki samaki. Namkumbuka mzee akila mihogo ya kukaanga tuliyonunua sokoni Woolwich, anaila kwa leso ili asichafue fimbo. Nakumbuka jinsi alivyowasalimu Waingereza waliopita na mbwa, "Good afternoon, sir," kwa sauti ya darasani, wakakaa sawa. Nakumbuka alivyomweleza mke wangu mezani habari za maji kujaa, huku mimi nimekaa pale pale, akisema "sisi tulifika", "sisi tukahama tukaenda kule ng'ambo ya ngazi", na mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza kwa ajili ya ile "sisi". Sasa hivi ni miaka miwili tangu tumzike Mwanga. Ningepata mchana mmoja tu wa kiangazi kile, hata ule wa mvua ambao hatukugusa kitu, ningeuchukua bila kuuliza swali.

Wiki zikaenda. Ya saba, ya nane. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, na bado nilikuwa Bwana Dereva. Mke wangu alikuwa ameacha kuniuliza. Usiku mmoja alisema tu, "At least amekuona," akazima taa, na mimi nikabaki macho nikijua kwamba ataondoka mzee, na mambo yatarudi kuwa vile vile: simu za Jumapili, na bomba la bafuni.

Siku moja katika wiki ya tisa nilirudi kutoka kazini jioni, nimechelewa, nimechoka na nimechafukwa. Mtu mmoja alikuwa amenitukana kituoni kwa sababu ya foleni ambayo sikuiumba mimi, na nilikuwa nimeyameza matusi yake yote, kwa sababu siku hizi kila kitu kinarekodiwa. Mzee alikuwa mlangoni na viatu vyake. Nikaapa moyoni kwamba ni kwa sababu ya heshima tu ninakwenda.

Maji yalikuwa yanapanda vizuri, na rangi yake ilikuwa imetakata kidogo kuliko kawaida. Mzee akachagua mwongo wa fedha. Akatupa sambamba na ukuta wa ukingo, akaanza kukunja. Zungusha, zungusha. Nilikuwa nafungua chupa ya chai nilipoona mshipi wake umesimama ghafla, kisha ukakata maji kuelekea upande wa kivuko. Huyu hakuwa mdogo. Nikaona bega la mzee linanyanyuka, lile bega, naona kiwiko kinajikunja tayari kwa ule mvuto wa perege, na kitu kikakatika kichwani mwangu.

"We mzee!" nikapiga kelele. "Acha kuvuta! Zungusha! Zungusha, nakwambia! Usisimame, unamwachia nini? Kunja! Ubavuni, ubavuni! Huko juu unamtafuta nani?"

Watu kwenye njia ya juu walisimama. Mbwa akabweka. Na mzee, aliyefundisha miaka thelathini na minane bila mtu kumpandishia sauti, akazungusha. Alizungusha bila kusita, fimbo ikaenda ubavuni, ikapinda, ikabaki imepinda. Samaki alikuwa ameshika. Nami sikuacha. "Hivyo hivyo! Mpe mshipi kidogo! Sasa kunja! Nimesema kunja!" Niliingia majini mpaka magotini na viatu vya kazi, nikamdaka samaki kwa mikono miwili, nikamleta kwenye changarawe.

Alikuwa mzuri. Magamba ya fedha, mgongo wa kijivu, miiba imesimama. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu, yaani ile iliyokuwa imeshatoka. We mzee. Nakwambia. Wiki tisa za kuomba radhi kwa mvua, na nimezimaliza kwa sentensi moja.

"Baba," nikasema, nimepiga magoti pale kwenye tope, bado nimemshika samaki. "Baba, nisamehe. Nimekukosea adabu. Nakuomba radhi, sijui shetani gani—"

"Mpime," akasema.

Nikampima kwenye alama nilizochora kwenye fimbo. Alipungua vidole viwili. Sheria hapa ni kwamba asiyefika kipimo anarudishwa, na hilo lilikuwa limeshamuudhi tangu mwanzo. Mara ya kwanza kulisikia aliniuliza kama tumekuja kuvua au kuwajulia hali. Sasa nilitakiwa nimwambie kwamba samaki wake wa kwanza, wa pekee, arudi majini.

"Baba, samahani sana, ila kama itakupendeza, nadhani huenda—"

"Mbona umeanza tena kunong'ona?" Alikuwa ameinama juu yangu, miwani imelowa. "Sema. Anatosha au hatoshi?"

"Hatoshi."

"Arudi?"

"Arudi."

"Haya." Akamchukua mwenyewe, akaingia majini na ile suruali yake yenye mkunjo, akamshikilia mpaka alipopata pumzi, akamwachia. Alibaki anaangalia maji. Nilikuwa nasubiri hukumu yangu. Nilifikiria nitamwambia nini mke wangu.

"Wiki tisa," akasema, bado amenipa mgongo, "unaniongelesha kama mtu anayeomba ruhusa ofisini. Nikawa najiuliza, huyu anaficha nini? Mtu kaoa kimya kimya, halafu anaongea kimya kimya. Nikasema, hapa binti yangu ametapeliwa na maneno laini."

"Nilikuwa naogopa, baba," nikasema. "Tangu ile barua. Niliogopa kuiandika, na kila mwaka nikaogopa zaidi. Sikuwa na sababu nyingine. Niliogopa tu."

Akageuka akaniangalia. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sitadanganya kwamba alinikumbatia. Alijifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho kutafuta namba. Kwao ilikuwa imekaribia saa tatu usiku. Nikasikia inaita, kisha sauti ya mdogo wake, baba mdogo wa mke wangu, mzee ambaye sikuwahi kuzungumza naye hata neno moja.

"Umelala?" baba mkwe akauliza kwa nguvu, jinsi wazee wanavyoongea na simu za mbali. "Amka. Nimempata samaki. Ndiyo, huku huku, mtoni. Sikiliza. Niko na mkwe wangu hapa. Kanifokea! Mimi! Kaniita 'we mzee' mbele ya Wazungu na mbwa wao. Eti 'nakwambia'!" Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikujua anacho, kinachomtoka kwa vipande vipande, mpaka akalazimika kushika ukuta. "Ndiyo. Ndiyo, huyo huyo. Ngoja, msalimie."

Akanipa simu. Mikono yangu ilikuwa imejaa magamba, nikaishika kwa viganja.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mkwe," sauti ikaitikia kutoka Mwanga. "Mnakuja lini?"